Nilichora wapagazi bila nyuso ukutani hapa Mwanza, na sasa hawaniachi

#1 Fundi Rangi (mleta mada)

Mwangaluka wakuu. Uzi ni mrefu kidogo, mwenye haraka apite, ila mods naomba msiuhamishie jukwaa la burudani.

Mimi ni fundi rangi hapa Mwanza, naishi Mabatini, nachora mabango, salooni, maduka ya dawa, mabasi ya shule, chochote mtu atakacholipia. Kuna hoteli moja hapa mjini, jina naliacha maana walinilipa vizuri na sina ugomvi nao, walinipa ukuta wa mapokezi mita sita kwa mbili na nusu, pamoja na picha ya kunakili. Walitaka Speke, yule mpelelezi wa Kiingereza, amesimama juu ya kilima cha Isamilo, mkono umekinga jua, analitazama ziwa, nyuma yake msafara wa wapagazi unapanda. Nikachora. Speke nilimpa siku nne nzima, ndevu, vifungo vya koti, mpaka kivuli cha kofia puani. Wapagazi niliwamaliza jioni moja. Walikuwa kumi na mmoja na niliwapiga kama tunavyopiga nyasi, yani brashi pana, rangi ya kahawia iliyobaki kwenye ndoo, kichwa duara, mzigo mstatili, wote kumi na mmoja hakuna mwenye jicho. Mteja akaja akasema safi sana fundi. Na mimi nikaona safi sana.

Ukuta umekaa hivyo miaka mitatu. Sasa juzi kati binti yangu yuko chuo akanitumia video, baba hebu angalia huyu mama. Anaitwa Lubaina Himid, kazaliwa Zanzibar 1954, baba yake akafariki yeye bado mchanga mama yake akaenda nae Uingereza akakulia huko, na mwaka 2017 akachukua Turner Prize ambayo kwa mambo ya sanaa kule ndio tuzo yenyewe. Ana kazi ya mwaka 2004 inaitwa Naming the Money. Ni watu 100 waliokatwa kwenye mbao, kimo cha mtu kabisa, rangi kali, na wewe unapita katikati yao kama uko stendi. Hao ni wale Waafrika waliopelekwa Ulaya kuwa watumishi kwenye majumba ya wakubwa, wale ambao ukiangalia picha za zamani za kizungu unawakuta pembeni kabisa wameshika sinia au wamemshika mbwa, mwenye picha yuko katikati anang'aa. Yeye kawatoa pembeni. Kuna wapiga ngoma, washona viatu, wachora ramani, waganga wa mitishamba. Na kila mmoja mgongoni ana maneno: jina lake la kwao, jina alilobandikwa na bwana wake, kazi aliyokuwa anafanya kwao, kazi anayofanyishwa sasa, na kile kidogo alichobaki nacho.

Nimeangalia ile video mara tatu mfululizo bando likaisha, nikanunua lingine nikaendelea.

Maana nilikumbuka ukuta wangu. Kesho yake nikapita pale mnara wa saa katikati ya mji, kile kibao kinasema tarehe 3 Agosti 1858 kutoka kilima cha Isamilo Speke ndio aliyagundua maji makuu ya Ziwa Victoria. Anatajwa Speke peke yake. Nikaanza kutafuta nani alikuwa nae siku hiyo maana Burton, mpelelezi mwenzake, alikuwa amebaki Kazeh, yani Tabora, anaumwa. Nikamkuta mtu anaitwa Sidi Mubarak Bombay. Myao. Alikamatwa utumwani akiwa mtoto, akauzwa mpaka India, akakaa huko miaka mingi akajua na Kihindi, bwana wake alipokufa akapata uhuru akarudi Zanzibar. Huyu ndio alikuwa anamtafsiria Speke akiongea na watu njiani. Akarudi tena na Speke na Grant safari ya pili, akaenda na Stanley kumtafuta Livingstone, alafu na Cameron akaivuka Afrika kutoka Bagamoyo mpaka bahari ya magharibi kwa miguu. Mtu kaliona bara zima na mimi nimemchora kichwa duara.

Swali langu wakuu, nyie mnaonaje hii sanaa ya siku hizi ya Waafrika inayorudi kuchokoa mambo ya ukoloni? Inatuhusu sisi wa huku au ni mambo ya galeri za Ulaya? Na ule ukuta niufanyeje?

#2 Kirumba Kwetu

Mkuu umeandika vizuri ila nikuulize ukweli. Hao watu mia wa mbao wako Uingereza. Wewe uko Mabatini. Hapa tunahangaika bei ya samaki, nyavu zinakamatwa, maji bombani siku nyingine hakuna, alafu mtu anakaa Uingereza anachonga huzuni ya babu zetu anawauzia walewale wajukuu wa waliotutesa, wanapiga makofi wanakunywa mvinyo wanaenda kulala. Faida iko wapi kwa mtu wa soko la samaki pale Mwaloni? Sikupingi, nauliza.

#3 Fundi Rangi (mleta mada)

Kirumba Kwetu swali lako ni la haki na limeniuma kwa sababu na mimi nimejiuliza hivohivo. Nitajibu kwa vitu maana mimi ni mtu wa vitu.

Kuna fundi wa Benin anaitwa Romuald Hazoumè. Kachukua madumu, haya haya tunayochotea maji, 304, akakata akageuza kila moja ikawa sura ya mtu, mdomo wa dumu ndio mdomo wa mtu na mkono wa dumu ndio pua. Akayapanga sakafuni kwa umbo la meli ya watumwa, ule mchoro maarufu wa meli ya Brookes ambao watu wamelazwa kama dagaa kwenye kichanja. Na madumu yenyewe sio ya dukani, ni ya vijana wanaovusha petroli ya magendo kutoka Nigeria, wanayachemsha kwa moto yavimbe yabebe zaidi, wanafunga kwenye pikipiki, linapasuka lolote saa yoyote. Kwahiyo ukiangalia unaona watumwa wa zamani na kijana wa leo kwenye dumu moja. Mimi sijawahi kuona kitu kimesemwa moja kwa moja namna hiyo bila kuandika hata neno.

Mwingine El Anatsui, mzee wa Ghana aliyefundisha miaka mingi Nsukka, Nigeria. Huyu anatumia vifuniko vya chupa za pombe kali. Sio vizibo vya soda tunavyochezea drafti, ni vile vya alumini laini, anapondaponda, anakunja, anaunga kwa waya wa shaba, maelfu kwa maelfu, mpaka inakuwa kama shuka kubwa la kifalme linaning'inia. Oktoba 2023 mpaka Aprili 2024 alitundika pale Tate Modern, jumba la sanaa la London, ukumbi mkubwa kama bandari. Kwanini vifuniko vya pombe? Kwa sababu pombe ilikuwa moja ya bidhaa ambazo Wazungu walileta pwani ya Afrika kubadilishana, na walichokuwa wanachukua kwa kubadilishana mnakijua.

Sasa faida. Sikiliza hii ya Congo maana ndio jibu lako hasa. Kuna sehemu inaitwa Lusanga, zamani iliitwa Leverville, jina la mwenye kampuni ya sabuni, ilikuwa mashamba ya michikichi, watu walikuwa wanasukumwa kukata mawese kwa nguvu. Wajukuu wa wale wafanyakazi mwaka 2014 wakaunda kikundi chao, kifupi chake CATPC. Wanafinyanga sanamu kwa udongo wa pale mtoni, zinanakiliwa zinamiminwa kwa kakao na mafuta ya mawese, zinauzwa Ulaya na Marekani. Na hela wananunulia ardhi. Ardhi ileile. Wanarudisha msitu na wanapanda chakula. Mwaka 2024 walikuwa kwenye maonyesho makubwa ya sanaa ya Venice, banda la Uholanzi.

Na kuna sanamu moja ya mbao inaitwa Balot. Mwaka 1931 Wapende, kabila la hukohuko Congo, waliasi, chanzo chake ni unyama waliofanyiwa wanawake wao na kulazimishwa kazi, wakamuua ofisa wa Kibelgiji aliyeitwa Maximilien Balot. Wakachonga sanamu yake ili roho yake ikae humo isiwadhuru, iwafanyie wao kazi. Ile sanamu ikauzwa ikaishia kwenye jumba la makumbusho huko Virginia, Marekani. Mwaka 2024 ikarudi Lusanga baada ya kudaiwa sana. Ila ilirudi kwa kuazimwa. Nimelirudia hilo neno mara nyingi, mtu anaazimwa roho aliyoifunga babu yake mwenyewe.

Kwahiyo mkuu mvinyo wanakunywa kweli, sikatai, ila kuna watu wameugeuza ule mvinyo ukawa mashamba.

#4 Mhaya wa Ziwani

Naandika kutoka Bukoba. Fundi umesahau lubugo. Michael Armitage, kazaliwa Nairobi 1984, hachorei turubai, anachorea lubugo kutoka Uganda. Kwa wasiojua, ni gome la mti wa mutuba, linavuliwa, mti unafungwa majani ya mgomba upone, gome linapondwa kwa nyundo za mbao mpaka linapanuka linakuwa shuka la rangi ya udongo. UNESCO waliutambua ufundi huo 2005. Sisi Wahaya nasi tulikuwa tunavaa kabla vitambaa vya marekani na kaniki havijatushika.

Bibi yangu alikuwa na kipande ndani ya sanduku. Kila kitu kizuri cha nyumbani kilikuwa mezani, redio, sahani za maua, ila lubugo lilikuwa chini kabisa ya sanduku limefunikwa na vitenge. Nilipouliza aliniambia kwenye dini walifundishwa hicho ni kitu cha mizimu. Sasa nikaona picha za Armitage, lubugo lina matundu, lina mishono mahali lilipochanika, na yeye hazibi, anaacha tundu katikati ya uso wa mtu aliyemchora, rangi inazunguka pale. Nililia jamani, sitadanganya. Kitu alichoficha bibi kimetundikwa ukutani mbele za watu na matundu yake.

#5 Kitenge Mpya

Mleta mada ubarikiwe. Mimi nauza vitenge, baba yangu mdogo alikuwa kiwanda cha nguo cha Mwatex enzi hizo, kwahiyo hapa napajua. Kila siku wateja wananiambia nipe kitenge cha Kiafrika asili. Historia yake ni hii, Waholanzi karne ya 19 walikuwa wanaiga batiki ya Indonesia kwa mashine wauze kulekule, soko likaja kushika Afrika Magharibi, ikawa ndio vazi letu. Sisemi tusivae, mimi nakula kwa hiyo biashara, na kitu ukikivaa kwenye harusi na msiba vizazi vitatu kimeshakuwa chako. Ila kuna mtu kalielewa hilo kuliko wote, Yinka Shonibare, kazaliwa London kakulia Lagos. Mwaka 2003 alitengeneza kazi, Scramble for Africa, watu 14 wamekaa kuzunguka meza, mezani pamechorwa ramani ya Afrika, wamevaa suti za kizungu za zamani zilizoshonwa kwa vitenge, na hawana vichwa. Ni ule mkutano wa Berlin 1884 mpaka 1885.

Fundi wewe ulichora wabebaji bila nyuso, yeye kakata vichwa vya mabwana. Fikiria hapo.

Na nani aliitisha mkutano ule? Bismarck. Nani hapa Mwanza hajapiga picha ya harusi au ya kipaimara na Jiwe la Bismarck nyuma? Mimi ninayo, iko sebuleni. Yule mtu hakuwahi kukanyaga hapa, jiwe lilikuwepo kabla ya dunia kuwa na Ujerumani, na tunalitaja kila siku kama jina la mjomba.

#6 Mwalimu Nyamagana

Mimi nitapinga kidogo, mniruhusu. Kuna hatari kwenye hizi sanaa ya kuwafanya babu zetu wawe watu wa kulia tu. Wapagazi wa bara, hasa Wanyamwezi na ndugu zao Wasukuma, wengi walikuwa watu wa kazi. Walikuwa wanapatana ujira, walikuwa na nyimbo zao, na kiongozi wao wa msafara, na kijana asiyewahi kwenda pwani alikuwa anachekwa kijijini. Mzungu akizingua wanatua mizigo, wengine wanaondoka usiku. Soma shajara za hao wapelelezi, nusu nzima ni malalamiko kuhusu wapagazi. Kwahiyo ukienda kumpa uso mpagazi wako usimpe uso wa huruma tu.

Utumwa ulikuwepo, na baadae kwenye vita vya 1914 mpaka 1918 ndio ikawa kweli mateso, watu wanakamatwa vijijini wabebe mizigo ya jeshi, wakafa kwa njaa na kuhara kuliko kwa risasi. Jina la Kariakoo limetoka hapo, Carrier Corps. William Kentridge wa Afrika Kusini alifanya onyesho kubwa 2018 kuhusu wabebaji hao, vivuli vinatembea ukutani na mizigo kichwani, The Head and the Load. Sasa hao wa 1916 na wale wa 1858 sio wale wale. Msanii mzuri anajua tofauti.

#7 Mayu wa Kisesa

Wanangu nimesoma wote. Mnataja London, Venice, Virginia. Ni vizuri mjue. Ila ni wangapi mmefika Bujora? Daladala ya Kisesa tu hapo, kisha unapanda kidogo. Padri David Clement, Mkanada, na Wasukuma wenyewe walianza ile makumbusho miaka ya 1950. Kanisa lake ni la mviringo kama nyumba ya Msukuma, na lile banda la ngoma za watemi limejengwa kwa umbo la kiti cha mtemi. Mtasema ni mmishenari tena, sawa, mimi mwenyewe nimelifikiria hilo miaka mingi, kwamba kanisa lililowaambia wazee watupe vitu ndilo likaja kuvikusanya. Yote mawili ni kweli na yote mawili yako pale kilimani.

Nendeni mkae mbele ya zile ngoma za watemi. Hamtaruhusiwa kupiga. Kaeni tu. Halafu njooni mwezi wa sita kwenye sikukuu ya Bulabo, vikundi vya ngoma vya Bagika na Bagalu vinapambana, mtunzi anasimama anatunga wimbo wa jambo la juzi tu, na anajitaja jina, anamtaja na baba yake, na kijiji. Huyo mama wa Zanzibar aliyeandika majina migongoni, kwetu tunaimba. Fundi, usiandike mgongoni. Andika mbele.

#8 Fundi Rangi (mleta mada)

Shikamoo mayu. Wabeja sana. Nimekaa na hilo neno lako wiki nzima. Mwalimu Nyamagana pia ulinifaa kuliko ulivyodhani.

Naleta mrejesho. Masika hii ule ukuta ulivuta maji kwa chini, rangi ikaanza kubanduka, na iliyobanduka ni ile safu ya wapagazi, maana nilipaka nyepesi. Hoteli wakanipigia nije nirekebishe. Nikamwomba meneja anipe siku tano badala ya moja kwa bei ileile. Akaniuliza kwanini, nikamweleza habari ya Bombay, akanyamaza kidogo akasema Speke usimguse, hao wengine fanya unavyojua.

Nikaenda Mwaloni alfajiri na daftari na penseli. Mnaijua Mwaloni saa kumi na mbili, maboti yanashusha dagaa, magunia yanatoka kwenye maji kwenda kwenye malori, vijana wanapita kwenye ubao mwembamba na gunia begani na wanataniana wakati huohuo. Nikaomba kumi. Wengine walitaka hela ya soda nikatoa, mmoja alikataa akasema yeye hachorwi na mtu asiyemjua, nikakaa nae kwa mama ntilie tukala chapati na maharage, siku ya pili akakubali. Nimechora nyuso kumi. Mmoja anacheka. Mmoja amemkasirikia mtu ambaye hayupo kwenye picha. Mmoja ametua mzigo kabisa amekaa juu yake anafunga kandambili, huyo ni kwa ajili yako Mwalimu.

Wa kwanza mstarini ni Bombay, picha yake ya zamani ipo mtandaoni, nimemtolea hapo. Nimemweka anaongea, mkono umenyooka kuelekea ziwani, na Speke sasa anaonekana kama anamsikiliza, japo sikumgusa kama nilivyoahidi. Mbele ya kifua, sio mgongoni, nimeandika SIDI MUBARAK BOMBAY kwa herufi zilezile ninazoandikia maduka, nyeupe na kivuli chekundu. Wale kumi wa Mwaloni wamekubali majina yao ya leo yaandikwe miguuni mwao.

Jana mmoja wao alikuja kujiangalia. Mlinzi alimzuia getini kwa ajili ya nguo za kazi na ile harufu, nikatoka nikamwambia huyu yuko ukutani humo ndani, mlinzi akaingia kwanza kuhakikisha, akatoka akafungua geti. Jamaa akasimama mbele ya ukuta muda mrefu hasemi kitu, mikono nyuma, wageni wanapita na mabegi. Nikaona hajapenda. Mwisho akaniambia, fundi, umenikosea sehemu moja. Mimi gunia naweka bega la kushoto. La kulia liliteguka, mwaka wa nne huu sibebei.

Nimefungua tena kopo. Leo asubuhi nimeuhamisha mzigo wake.